Mkamwana Halipwi Mshahara

Sirari

Mdogo wangu Marwa,

Pokea salamu za dada yako. Huku mpakani mwili ni mzima, ila moyo umelala chini. Mama miguu yake inaendeleaje? Na tembo wamewaachia mahindi kidogo safari hii, au wamevuna wao kwanza kama kawaida yao?

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumbani anakaa nayo baba mdogo, na maneno haya sitaki ayasikie. Barua hii nimempa mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe anayekuja mnadani huko Machochwe. Soma peke yako kwanza, ndipo umsomee mama.

Unakumbuka nilivyokupigia nikicheka, nikakwambia serikali imepandisha kima cha chini cha mshahara? Habari hiyo tuliisikia redioni mimi na Mama Robi, mwenye hii hoteli ya chakula ninamopika. Dereva mmoja wa lori, Mkenya, akapiga meza: "Sasa huyu dem wa ugali aongezwe doo, ama?" Watu wakacheka. Mama Robi hakucheka. Aliuliza tu kama hiyo serikali itakuja pia kumwoshea masufuria.

Nikamaliza kuosha masufuria kwanza, maana mkubwa haharakishwi. Baadaye nikamwambia kwa adabu, "Mama, ile sheria inatuhusu na sisi." Akanitazama, akasema, "Nitafikiria, mwanangu." Mwanangu! Tangu nianze kazi kwake jina langu ni "wewe". Ningepaswa kushtuka pale pale, lakini nilifurahi, mjinga mimi. Nikaanza kupanga: mama apelekwe hospitali, nami nitafute cherehani na kachumba kule Nkende, nishone nguo za watu.

Kumbe mwenzangu anawaza yake. Jumapili baada ya kanisa akanikalisha jikoni, akanifungulia soda. Akasema yeye ni mjane, mabinti zake wote wameolewa, nyumba ya marehemu haina mrithi. Anataka kunioa yeye mwenyewe, kwa ile mila yetu ya nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke, nimzalie watoto wa jina la mumewe. Nikamuuliza, "Na mshahara?" Akacheka taratibu. "Ghati, mkamwana halipwi mshahara. Mkamwana yuko kwake." Halafu akaniambia habari ya ng'ombe wa mahari ameshaongea na baba mdogo.

Marwa, nililia mpaka ugali ukaungua. Mila yetu siitukani. Shangazi yetu aliolewa hivyo hivyo, na ana heshima zake na wajukuu zake. Lakini shangazi aliolewa kwa sababu mtu alitaka watoto. Mimi naolewa kwa sababu redio imesema mshahara upande! Mwenzangu wa hapa jikoni ananiambia niende kwa afisa kazi. Nikamwambie nini? Nikishaolewa, mimi si mfanyakazi tena, ni mambo ya ukoo, na hapo ofisi haiingii.

Najua unachowaza sasa hivi. Bhoke wako anasubiri, na wazee wake hawataki maneno, wanataka ng'ombe. Tangu baba atutoke zizi letu ni tupu, na kwetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka. Hata mimi nilikuwa nakutania, nakwambia nivumilie mura wangu, nitaolewa uoe. Nilikuwa natania tu.

Baba mdogo anaweza kuongea mpaka mate yakauke, lakini ng'ombe hawapokelewi bila wewe kusimama zizini, maana wewe ndiye mwana wa kiume wa marehemu. Na usiseme tuwapokee kwanza halafu nitoroke. Nikitoroka, Mama Robi atawadai ng'ombe wake, nao watakuwa wameshakwenda kwa kina Bhoke, na nyumba yako ndiyo itakayovunjika. Kwa hiyo mlango uliobaki ni wewe. Naogopa, Marwa. Naogopa kwa sababu najua unavyompenda yule binti.

Msalimie mama, mwambie nakula vizuri. Msalimie shangazi. Na baba mdogo mfikishie shikamoo yangu, heshima ni heshima hata kama nimemkasirikia.

Kama ng'ombe hawajafika, wakatae wakiwa njiani. Kama wameshaingia, basi muoe Bhoke, umtunze. Sitakulaani, wewe ni damu yangu. Ila mkijaliwa binti, msimpe jina langu.

Ni mimi dada yako,
Ghati