Kiuno cha Sisimizi Kimeniponza

Shangazi mshauri, nisaidie kabla sijaumbuka zaidi, mimi ni fundi saa, nimeoa miaka tisa, na wiki tatu zilizopita mke wangu alinionyesha sisimizi jikoni wakielekea kopo la sukari akaniambia niwaondoe, lakini nilipowatazama kwa lenzi yangu ya kazini nikaona si hawa tuliowazoea, wana rangi ya shaba na tumbo wamelibinua juu, basi nikamkataza asiwaguse mpaka tuwajue, nikawapiga picha arobaini na mbili, nikamtumia mwalimu mmoja wa baolojia, kweli ni mwanamke lakini sijawahi hata kumwona, Mungu shahidi, naye akasema sisimizi hutambulika kwa kiuno, sasa juzi naoga, simu ikalia, mke wangu akasoma: "Kiuno nimekipenda. Nitumie kingine cha ubavuni, uwashe taa, usiwe na haraka."

Nikatoka na povu kichwani nikamwambia ni sisimizi. Akauliza, "Sisimizi ana kiuno?" Nikajibu anacho, tena chembamba kuliko... nikajiuma ulimi, ila neno lilishatoka.

Amehamia kwa dada yake. Nampenda, nyumba imepoa. Nimemwomba mwalimu amweleze, anasema apate kwanza picha moja ya mwisho, nami siwezi kuipiga kwa sababu tangu mke wangu aondoke, sisimizi nao hawaonekani. Nifanyeje?

Fundi Saa

*

Fundi, pole. Nakuamini kuhusu kiuno, maana uongo wa namna hiyo hakuna mwanaume anayeweza kuutunga.

Lakini usiisingizie simu. Mkeo alikuomba uondoe wadudu kwenye sukari, wewe ukampiga marufuku jikoni kwake mwenyewe. Picha arobaini na mbili! Yeye umempiga ngapi mwaka huu? Usinijibu mimi.

Namba ya mwalimu mpe mkeo, waongee wenyewe, wewe kaa pembeni. Safisha jikoni, nunua kopo lenye mfuniko unaobana, kisha nenda kwa shemeji yako bila simu. Neno kiuno usilitamke. Sema ulichoniambia mimi, kwamba unampenda na nyumba imepoa, useme kwa sauti, shemeji naye asikie.

Sisimizi acha kuwatafuta. Walikuwa wanafuata sukari aliyoikoroga yeye, na siku ileile alipoondoka walijua hayupo. Wewe mwenye lenzi ndiyo kwanza unashtuka.

Akirudi, nao watarudi. Safari hii, fagia.