Nukta Zilizotoka Nje ya Kioo

Mpendwa baba,

Tangu tukuzike kule Minjila sijakuandikia. Unanijua, mwoga wa kila kitu, hata wa ndama. Lakini kwa jambo la juzi sina mwingine wa kumshukuru.

Nimeajiriwa kuwa karani wa watafiti waliokuja katika shule moja hapa Garsen. Wanataka kujua watoto wanajifunzaje hisabati. Mtoto huketi mbele ya kompyuta, na kamera ndogo chini ya kioo hufuata macho yake. Kila anapotazama, panatokea nukta nyekundu. Kazi yangu ni kupanga rekodi, na zile ambazo mtoto ametazama pembeni mno, nizifute.

Juzi ilifika ya Hawa, wa gredi ya tano. Kila hesabu ya kutoa aliisoma mara moja tu, kisha nukta zikatoka nje ya kioo, zisirudi hadi alipojibu. Majibu yote yalikuwa sahihi.

"Huyo hakuwa makini," alisema Daktari, mkuu wetu. "Amebahatisha. Futa."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe tayari. Hapo nikakukumbuka ukikishika kidole hiki hiki.

Nilikuwa na miaka saba. Ng'ombe walikuwa wakirudi kutoka mtoni, nami nawanyoshea kidole: moja, mbili, tatu. Ulikikunja taratibu. "Ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole, mama. Watazame vizuri. Haya, sasa wape mgongo. Nani hayupo?"

Niligeuka, nikakodolea nyika tupu. Nikawaona wote kichwani, kila mmoja na rangi yake, na katikati yao pengo.

"Yule mwekundu, wa pembe iliyovunjika."

Ulicheka. "Kumbe binti yangu ana macho kisogoni." Kisha ukachukua fimbo, ukaenda kumtafuta.

Baba, juzi niliogopa. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu, na sijawahi kumpinga mtu mwenye miwani. Hata hivyo nilisema, "Daktari, naomba tumuulize kwanza."

"Karani, kumbe una sauti?"

Lakini alimwita. Akamuuliza alikuwa akitazama nini ukutani. Hawa alijibu akiangalia viatu vyake: "Mbuzi zetu. Nilikuwa nazitoa bomani, naangalia zilizobaki."

Daktari alinigeukia. Kisha akaniuliza nimeshafuta ngapi za namna hiyo.

Nilikiri kwamba sikufuta hata moja. Niliogopa kutupa kazi ya mtoto wa mtu, nikawa naziweka pembeni, kumi na moja. Nilidhani atanifukuza. Akavua miwani, akasema, "Zirudishe zote."

Asante kwa kukikunja kidole changu, na kwa kutonicheka kwa woga wangu.

Jana, kabla sijaondoka, niliipa kompyuta mgongo, nikawapitia watoto wote kichwani, mmoja mmoja, hadi Hawa. Wote wapo. Hayupo mmoja tu, baba: wewe.

Pumzika kwa amani.

Binti yako, wa macho kisogoni