Sauti Iliyotoka Barazani kwa Mzee Athumani

Mikumi,
Jumamosi asubuhi.

Mpendwa Dada Salome,

Shikamoo Dada. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na Shemeji na wanangu wote, na kwamba kikohozi cha Mama kimepungua tangu mvua zilipokatika huko Masasi. Mimi kwa mwili sijambo. Kwa roho siwezi kukudanganya: nina hofu, utaona mwenyewe herufi zinavyopanda na kushuka. Tafadhali isome peke yako kwanza. Ukimaliza utajua cha kumsomea Mama na cha kuruka.

Unakumbuka ulivyonifokea siku ile nilipoifungua redio ya Baba nione mtu anakaa wapi humo ndani? Ugonjwa ule haukupona, Dada. Chuo cha ualimu hakikuuponya, na nilipopangiwa shule hapa Mikumi nikakuta wagonjwa wenzangu wawili. Wa kwanza ni Mzee Athumani, fundi redio, mwenyeji kabisa wa huku, mtu wa swala tano na maneno machache. Wa pili ni Yoeli, dereva wa lori la miwa huko Kidodi. Huyo anapiga gitaa na anasema maneno yote ambayo Mzee hayasemi.

Kila Jumamosi alasiri tunakutana barazani kwa Mzee. Sharti ni moja, huji mikono mitupu. Kila mtu analeta kitu kipya alichotengeneza wiki hiyo, na kitu hicho kinafunikwa kwa kanga ya Bi Mwanaidi, mke wa Mzee. Tunakisikia kwanza, tunakisia ndani kuna nini, ndipo kanga inafunuliwa. Anayekosea anaosha vikombe vya kahawa. Nimeosha vikombe vingi mimi! Yoeli alileta gitaa la mninga alilochonga mwenyewe, akalitengenezea kile tunachokiita sikio, yaani sumaku ya spika mbovu iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko mingi mpaka macho yakamuuma. Mimi nilileta springi ya kitanda cha bweni ndani ya kopo refu. Ukipitishia sauti humo inarudi kama mtu anaimba kanisani. Mzee hakuikisia. Aliosha vikombe siku hiyo huku akicheka peke yake.

Na kuna sharti la pili, ulishike hili maana ndilo lililonifikisha hapa. Kitu kilichoonyeshwa hakilali kwa mwenyewe. Anakichukua mwenzake, anakaa nacho wiki nzima, anakijaribu, anakirekebisha, anakirudisha na neno lake.

Sasa, tatizo letu kubwa lilikuwa kipaza sauti. Gitaa tunalo, sikio linalo, lakini mashine ya kuikuza sauti hiyo tungeipata wapi? Wiki mbili zilizopita Mzee akaja na jibu chini ya kanga. Alisema kila nyumba yenye redio ina spika tayari, kwa nini tuhangaike kutengeneza nyingine? Akafunua kiboksi chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Unachomeka gitaa huku, na sauti inatokea kwenye redio iliyo chumba kingine, bila waya! Dada, mimi na Yoeli tulisimama. Nilihisi kulia.

Redio aliyotumia kuipokea ile sauti ni ya ndani kwake. Redio hiyo sindano yake imeganda kwenye stesheni ya Dar es Salaam, maana uzi wa kuivuta ulikatika zamani, na Mzee, anayetengeneza redio za watu wote wa Mikumi, hajawahi kupata nafasi ya kutengeneza yake. Kwa hiyo ilibidi kiboksi nacho akiweke pale pale penye stesheni ya Dar. Wakati tunapiga, stesheni ilifunikwa, tukasikika sisi. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Tulikuwa tunatazamana kama watu waliookota almasi.

Ila kulikuwa na mvumo. Kila uzi ulikuja na mvumo nyuma yake, Mzee akakunja uso, na hapo mwalimu wa sayansi nikaona zamu yangu imefika. Nikasema kiboksi kinataka waya mrefu. Nikakiunga kwenye waya wa kuanikia nguo wa Bi Mwanaidi. Mvumo ukapungua. Ule waya wa nguo, kwa upande wa pili, umefungwa kwenye uzio wa waya wa zizi la zamani la ng'ombe, na uzio huo unateremka bondeni mbali sana, karibu na kile kijiji cha ujamaa kilichohamishiwa watu juzi juzi. Nilijua unaelekea huko. Nilichokuwa nakisikiliza ni mvumo tu. Nikakaza kwa koleo, mvumo ukakatika kabisa, Yoeli akapiga kelele, "Mwalimu umetibu!" Nikavimba kichwa.

Yoeli akawa anakaza nyuzi. Mzee akachomeka maikrofoni kwenye kiboksi, akanipa, akasema, "Sema neno, tupime." Unanijua, Dada. Unajua nilivyokuwa namwiga mtangazaji wa redio tukipepeta mtama, mpaka Baba anatoka nje kusikiliza habari. Ilikuwa saa kumi, saa ya habari hasa. Nikajiweka sawa, nikasema kwa ile sauti: "Wananchi wote wanaarifiwa kwamba Jumatatu hakutakuwa na kazi katika mashamba ya pamoja. Kila mmoja apumzike nyumbani, apike wali, asiguse jembe." Tukacheka mpaka Yoeli akakaa chini. Bi Mwanaidi akatoka ndani, ameshika kifua. "Mwalimu, mimi nilishaanza kufurahi," akasema. Hata hapo hatukushtuka. Nikakibeba kiboksi nyumbani, kwa lile sharti letu, nikae nacho wiki nzima.

Dada, sauti ile ilikuwa imeteremka na uzio mpaka bondeni, na kile kijiji kina redio moja ya wote. Saa ya habari inatolewa nje ya ofisi, inawekwa juu ya kigoda, watu wanaizunguka. Katibu wa kijiji alikuwa amekwenda Kilosa mkutanoni, hakuwepo mtu wa kuuliza. Jumatatu watu wakakaa majumbani. Hata wenye zamu ya kuwinga nyani hawakwenda. Nyani hawana redio. Waliingia mahindini asubuhi wakatoka jioni.

Nilipita pale Jumatano nikitoka kuangalia shamba la shule. Upande mzima wa bondeni umelala chini. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanakaza punje. Wanawake walikuwa wanaokota magunzi yaliyotafunwa nusu, wanayaweka kwenye vikapu kana kwamba yatafaa kitu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanisalimia, akaniambia bila kukasirika, "Redio ilisema, Mwalimu. Redio ya serikali inaweza kusema uongo?" Nikashika koo kama mgonjwa, nikapita, niliogopa angeitambua sauti.

Kuanzia siku hiyo sina sauti. Mji mzima unasema ni hujuma, kuna vibaraka wameingia na mitambo porini, na kuna mwanamke mwenye Kiswahili safi anayemsomea adui matangazo. Kila mwanamke anayezungumza vizuri anatazamwa. Mimi nikajifunga kitambaa shingoni, nikaonyesha kwa mkono kwamba koo limekauka. Nafundisha kwa kuandika ubaoni. Mwalimu mkuu ananiletea tangawizi, maskini, na mimi nainywa huku machozi yananitoka, naye anadhani ni ukali wa tangawizi. Usiombe kuishi hivyo. Mtu akikohoa nyuma yangu nashtuka.

Juzi Alhamisi mgambo walikwenda kwa Mzee Athumani. Walichukua spika, waya, betri, hata pasi ya mkaa ya Bi Mwanaidi wakaona ni mtambo. Kiboksi chenyewe hawakukipata, kilikuwa chini ya kitanda changu, maana Jumamosi iliyopita hatukuthubutu kukutana. Wakampeleka Kilosa. Kisha wawili kati yao wakaja shuleni kuuliza walimu mmoja mmoja. Mkubwa wao akanisogelea, akauliza kwa upole, "Mwalimu, unamfahamu fundi Athumani?"

Nikatikisa kichwa. Dada, nilitikisa kichwa kwamba simfahamu! Nimekula kwake, nimewafundisha watoto wake hesabu, amenifundisha kulehemu kwa chuma cha kuchomwa kwenye jiko la mkaa bila kuunguza kidole. Yule mgambo akasema, "Pole na koo," akaondoka. Niliona haya.

Jana Yoeli akasimamisha lori nyuma ya shule. Macho mekundu. Gitaa amelifukia kwenye shamba la miwa. "Mwalimu, nyamaza hivyo hivyo ulivyonyamaza," akaniambia. "Mzee ni mtu mzima, watamhurumia, watamwachia."

Nikamwambia kwa kunong'ona, "Na wasipomwachia?"

"Ukijitaja wewe umenitaja na mimi. Nina watoto watatu, Mwalimu. Wewe huna hata mume." Akajuta kulisema hilo, niliona, lakini alikuwa ameshalisema. Simlaumu sana. Hofu yake na yangu zimetoka chungu kimoja. Nilimwapia kwamba jina lake halitatoka mdomoni mwangu, akawasha lori akaenda zake.

Jioni kabla ya magharibi akaja Bi Mwanaidi, ametoka Kilosa kumpelekea mumewe chakula. Nikamnong'oneza shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaketi. Akasema Mzee amewaambia sauti ile ilikuwa yake.

"Yake?" nikasema.

"Amesema aliigiza mwanamke. Wakamwambia haya, igiza tusikie. Akaigiza." Bi Mwanaidi akatabasamu kidogo. "Unaijua sauti ya Mzee, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Askari walicheka wakashika mbavu. Kisha mkubwa wao akaacha kucheka, akasema Mzee anaficha watu. Mzee akajibu ana mafua, wampe siku mbili afanye mazoezi. Jumatatu wanampeleka Morogoro."

Nilishindwa kumtazama. Nikamuuliza kama Mzee amemtuma aje kuniomba nijitokeze.

"Sikuja kukuomba kitu. Nimekuletea salamu zake. Amesema kile kiboksi usikiache na betri ndani, zitavuja, zitakula waya."

Hayo tu, Dada. Yuko ndani kwa ajili ya mdomo wangu, na anawaza betri zisivuje. Alipoondoka nikakivuta kiboksi chini ya kitanda, nikazitoa betri, nikakaa nacho mapajani. Nikajiuliza mara ngapi sijui: nikae, ama niende? Nikikaa, nitaendelea kuandika ubaoni mpaka lini? Nikienda, huenda ualimu umekwisha, na huenda zaidi ya ualimu. Naogopa kufungwa, Dada. Naogopa kupigwa. Naogopa hata kusimama mbele ya yule mama wa magunzi na kumwambia redio ile nilikuwa mimi, na hilo naliogopa kuliko yote mawili.

Ninaandika haya kwenye benchi la stesheni. Treni ya Kilosa inakuja saa sita. Kiboksi kiko kwenye mkoba, nimekifunga kwa kanga. Nitawaonyesha jinsi kinavyofanya kazi, nitawaambia waya niliunga mimi na maneno niliyasema mimi, na kwamba hakuna adui, ni ujinga wa watu wanaopenda muziki. Sijui kama wataamini. Mwaka huu watu ni wepesi zaidi kuamini kibaraka kuliko mjinga. Lakini wanakijiji wakiitwa wataitambua sauti yangu, nikiifungua tu.

Nisalimie Shemeji, na umwambie simu ya wavulana ya makopo niliyowatengenezea haina hatia yoyote, wasiivunje. Nisalimie Mjomba Danieli seremala, na Shangazi Magreti anayeimba sauti ya kwanza kwaya ya kanisa. Bibi mzaa Mama mpe shikamoo yangu, mshike mikono miwili unapoitoa. Mama mwambie polepole, mchana, akiwa ameshakula. Usimwambie naumwa. Mwambie kweli.

Na ombi moja, Dada, ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Huenda watakuja watu huko nyumbani kuuliza kama una mdogo wako anaitwa Eunike. Mimi niliulizwa swali kama hilo juu ya mtu aliyenipenda, nikatikisa kichwa. Wewe usitikise kichwa. Hata kama wameshika bunduki, hata kama majirani wote wamesimama mlangoni, waambie ndiyo, ni wangu.

Mimi mdogo wako,
Eunike