Karata za Lushinge Zilikuwa Wazi

Jumatatu, 3 Machi
Mkanda wa karasha umekatika tena. Hakuna kusaga mawe. Mchana tukacheza ishirini na moja juu ya turubai, anayezidisha anaungua, kama kawaida. Mgawaji ni Lushinge, anayetuletea mawe kwa pikipiki kutoka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Walimtuhumu kuficha karata, sasa zake mbili anaziweka wazi kabla hatujaamua. Ila mkilingana, yeye ndiye mshindi. Wote wanaona katupa zawadi. Bado anatufunga. Leo kanila kiroba kimoja cha mawe.

Jumatano, 5 Machi
Miaka sita tangu niache kufundisha Hisabati. Leo nimeirudia. Kurasa nne. Akiwa na kumi na saba, nami kumi na saba, lazima nichukue karata nyingine. Kukaa bila kuongeza ni kushindwa. Akiwa na ishirini, nami ishirini, nichukue vilevile, ingawa ni ree tu, karata ya moja, itakayoniokoa. Lakini akiwa na kumi na sita, kanuni ya mgawaji inamlazimu achukue hadi afike kumi na saba, na karata nyingi zitamuunguza. Hapo nikae, hata na kumi na mbili. Wenzangu huchukua, wanaungua kabla yake.
Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemla viroba vitatu. Lushinge alicheka, akaniita mwalimu.

Jumanne, 11 Machi
Sasa ni tisa. Hacheki tena. Nimefurahi. Naandika nisije nikajidanganya baadaye: nimefurahi.

Alhamisi, 13 Machi
Leo kaweka pikipiki dhidi ya viroba vyangu vyote. Ningeweza kukataa. Ningesema tu twende tukale. Sikusema.
Alifunua mfalme na sita. Kumi na sita. Mimi kumi na mbili. Nikakaa. Akachukua, ikaja nane.
Aliweka ufunguo juu ya turubai. Kisha akafuta vumbi kwenye kiti cha pikipiki kwa mkono wa shati, akaondoka kwa miguu. Nyumbani mke wangu aliuliza ni ya nani. Nikasema nimeazimwa.

Jumatatu, 17 Machi
Lushinge ameanza kushuka duarani kuchimba. Umri wake, na kifua kile. Asubuhi tulipishana njiani, yeye na kamba begani, mimi juu ya pikipiki. Nilitaka kusimama. Sikusimama.

Jumamosi, 22 Machi
Duara limetitia. Wawili walitoka wenyewe. Lushinge walimfukua saa tisa alasiri. Yu hai. Miguu haisikii.
Nilitumwa kumfuata mkewe, Mama Kulwa. Aliitazama pikipiki, akanitazama mimi. Akapanda nyuma. Njia nzima hakunishika hata bega.

Alhamisi, 27 Machi
Hospitali. Nilingoja Mama Kulwa atoke kufua, nikamweleza Lushinge yote. Hesabu, zile kurasa, kwamba nilijua ataungua.
"Nilijua unapiga hesabu," alisema. "Karata zilikuwa wazi, mwalimu. Hukuniibia."
Akafumba macho. Nilidhani amelala.
"Ila jioni ile nilikungoja uirudishe."
 

Jumatatu, 31 Machi
Nimeipeleka pikipiki kwao. Mama Kulwa alipokea ufunguo. Mdogo wa Lushinge ataiendesha. Nilitegemea nitapumua. Wapi.

Jumapili, 6 Aprili
Lushinge yuko nyumbani tangu juzi. Daktari kasema ageuzwe kila baada ya saa mbili, asipate vidonda. Mkewe peke yake hamwezi. Baada ya misa nikaenda. Mama Kulwa alinionyesha pa kushika, kiunoni na nyuma ya goti, akarudi jikoni. Nikamgeuza, akabaki ameelekea ukutani. Mvua ilinyesha. Saa mbili zilipopita, nikamgeuza upande wa pili.