Mtoto Hanyonyi Nyumba

Mosocho,
S.L.P. Kisii.
14 Machi, 1971.

Mpendwa ndugu yangu Nyasani,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Unaliwezaje joto la huko Magadi? Natumaini umepona kile kikohozi cha vumbi. Baba hajambo, nami mzima. Nipo hapa Mosocho tangu mwezi uliopita, maana tangu mama atutoke hakuna wa kumsaidia mkeo. Chai yetu kule Itumbe nimemwachia shemeji yako aichume mwenyewe, ajue mgongo unavyouma.

Marion homa imemtoka, ila maziwa yake hayajarudi. Ratemo wenu anaishi kwa maziwa ya yule ng'ombe wa gredi uliyetununulia. Leo mtoto anaendelea vizuri, nakuambia mapema ili usome bila kutetemeka. Wiki mbili zilizopita nisingeweza kuandika hivyo.

Ndugu yangu, huku hakuna nyasi. Usicheke. Mvua ilikatika, kisha wakaja viwavi wakala hata nyasi za kando ya barabara. Ng'ombe wa kienyeji wanajitafutia, lakini huyu wa gredi anasimama tu kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Sasa watu wananunua nyasi kavu kwa pesa. Sisi hawa, ambao nyasi tulizijua kama kitu cha kufyeka ili tupate pa kulima.

Bei zenyewe zilinitoa macho. Robota moja la nyasi nzuri kule Sotik, kwenye mashamba makubwa, ni shilingi mbili. Likifika Kisii mjini kwa Osman, yule mfanyabiashara mwenye lori, linakuwa nne. Nyamira ni tano, na Itumbe sita, tena kwa kusukumana. Nyasi ni zile zile, zimepanda lori tu.

Baba akasema ataenda kwa Osman mwenyewe. Unamjua mzee kwa nyasi, hakuna paa hapa Mosocho lililoezekwa bila yeye kuitwa. Akarudi na mkokoteni umejaa, uso unang'aa. Nyasi ndefu, zimenyooka, za manjano, mashina magumu, hata jani la kuning'inia hakuna. Akatuambia Osman hajui mali yake, kwa kuwa zile nzuri kuliko zote amemwuzia nusu bei. Nami nikampongeza.

Ng'ombe alinusa, akageuza kichwa. Njaa ilipombana akatafuna kidogo, lakini kila asubuhi maziwa yalipungua, mpaka tukawa tunampa Ratemo uji mwepesi. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Nilipomwogesha nilizihisi mbavu zake zote mkononi. Niliogopa, Nyasani. Nilianza kufikiri maneno ya kukuandikia, na sikuyapata.

Sasa shika hapo ulipokaa. Marion alijua tangu siku ya kwanza. Baba yake alikuwa akifunga marobota kwenye shamba la mzungu kule Sotik, naye amekua kati ya nyasi hizo. Lakini ni mkaza mwana. Angemwambiaje baba mkwe kwamba amekosea, tena kwa nyasi? Hata mimi hakuniambia, asije akaonekana anamsengenya. Chinsoni, hii heshima yetu ya wakwe, ilimfunga mdomo huku mtoto wake mwenyewe akikonda. Mpaka sasa sijui kama nimsifu au nimchape.

Jumatano moja asubuhi nikamsikia zizini. Baba alikuwa nje ya ua ananoa panga, na Marion alijua yupo. Hakumtazama. Alimshika ng'ombe shingoni akasema kwa sauti ya kutosha:

"Pole, mama. Usile. Hizi ni za nyumba, na mtoto wangu hanyonyi nyumba."

Sauti ya panga ikakoma. Nikajua leo boma litawaka moto. Baba alivaa koti lake, akashika njia ya mjini, nami nikamfuata mbio.

Kwa Osman ndipo nilipoelezwa kwamba nyasi zina gredi. Za kwanza ni za kijani, laini, zenye majani mengi na harufu tamu. Za pili zimefifia kidogo. Za tatu ni za manjano, zimekatwa zikiwa zimezeeka na kumwaga mbegu, zimebaki mashina. Zenye ukungu ni za kutupa. Nilitamani ardhi inimeze, mimi ninayechuma chai na kujua kwamba jani changa ndilo mali. Osman akasema siku ile alimwuliza mzee kama anaezeka nyumba, na mzee akadhani anasifiwa.

Baba akaniambia, "Drusilla, rudi ukamwite mama Ratemo. Aje achague."

Nilishtuka kuliko siku zote. Lakini Marion alikuja. Baba alisimama upande wa pili wa lori, amempa mgongo kama heshima inavyotaka, huku mkeo akivunja marobota, akinusa, akikataa. Yaliyokubaliwa Baba aliyabeba begani bila kuuliza neno.

Maziwa ya ng'ombe yamerudi, na Ratemo ameota mashavu. Nakuomba usimgombeze Marion utakapoandika. Zile nyasi za manjano Baba ameezekea zizi, akamaliza Ijumaa kabla ya jua kutua. Leo asubuhi mvua imenyesha kwa mara ya kwanza. Marion alikuwa ndani ya zizi anakamua, na Baba alisimama uani akilowa, akanituma nimwulize mama Ratemo kama linavuja.

Nikarudi na jibu kwamba halivuji hata tone. Mzee amekula chakula chake chote, mara ya kwanza tangu Jumatano ile.

Msalimie Makori na jirani zako wote huko. Marion anakusalimu, Baba pia. Mungu akulinde kazini na akurudishe umwone mwanao amenenepa.

Nami ni dada yako akupendaye daima,

Drusilla