Kilichotoka Sikioni mwa Kibonge

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta. Sisi tunapumua, ila mimi mkweo tangu Jumanne nimepigwa na butwaa, hata chai inapoa mkononi nikiitazama tu.

Najua mke wangu, mwanao, alikupigia simu akafoka kwamba pamba uliyomsafishia Kibonge masikio asubuhi ya safari ndiyo iliyomuumiza, na kwamba mtoto hatalala tena kwako. Najua pia ulikata simu bila kujitetea. Nakuomba usome barua hii mpaka mwisho, hata ukitamani kuichana katikati.

Kabla ndege haijapaa, mhudumu alitueleza kuwa masikio ya watoto wadogo huuma ndege inapopanda, na zaidi inaposhuka. Alisema tumpe chupa anyonye na kumeza, na tusimwache alale wakati wa kushuka. Mwanao alifanya hivyo hivyo, na mjukuu wako akanyonya huku akimchekea abiria wa nyuma. Mimi na ujuaji wangu nikasema presha nimeishi nayo miaka kumi na minane kwenye mabomba, sihitaji kufundishwa. Mwanao akanijibu kuwa mtoto si tangi la maji.

Ndege ilipoanza kushuka, mwanao alikuwa amekwenda chooni, nikabaki na mtoto. Aliporudi alimkuta Kibonge analia mpaka sauti imekauka, anajipiga sikio kwa kiganja. Chupa akaisukuma. Alilia mpaka tunateremka, akalia nyumbani, na kesho yake akaamka na homa, mto una majimaji ya njano. Tukamkimbiza kwa daktari.

Daktari alichungulia kwa kitochi chake, akaingiza koleo jembamba, akatoa kipande cheupe kilichoviringwa na kukiweka kwenye kisahani. Alisema ngoma ya sikio imechanika. Mara nyingi hupona yenyewe, lakini hawezi kuapa mtoto atasikiaje upande huo mpaka wiki sita zipite. Mwanao akapiga kelele kwamba hiyo ni pamba ya mama yake, na palepale akachukua simu.

Mama, haikuwa pamba. Ni tepu, ile nyeupe laini tunayozungushia nyuzi za bomba ili maji yasivuje. Haikosekani mfukoni mwangu hata nikiwa nimevaa suti. Mtoto alipoanza kulia chupa ilikuwa mbele ya magoti yangu, sikuigusa. Nilijiambia presha inaingia, na kinachoingia dawa yake ni kuziba. Nikaviringa vipande viwili, nikaziba huku na huku. Alipozidi kulia nikavitoa mbiombio. Kimoja kikaja, kingine sikukiona, nikajituliza kuwa kimeanguka chini ya kiti.

Kile kipande nilikitambua kabla hakijagusa kisahani. Mwanao alipokutaja, nikajitia hamnazo. Nilisimama pale, mwanamume mzima, nikakusikiliza ukitukanwa kwa kosa langu. Naona aibu, Mama. Naogopa sikio la mwanangu, na najiogopa mimi mwenyewe zaidi, maana sikujua naweza kunyamaza kiasi kile. Nisamehe ukiweza. Ukishindwa, mjukuu wako asikose bibi kwa ajili yangu.

Mwanao sijamwambia. Nimejaribu mara nne, kila mara naishia kuuliza kama mtoto amekunywa dawa. Nilipanga kwanza

Mama, nimekatika hapo kwa sababu nimesikia pumzi nyuma yangu. Mwanao amesimama begani mwangu, na sijui amesimama tangu lini. Hajafoka. Ameshika ukingo wa meza, machozi yanamdondoka kwenye karatasi, utayaona. Anasema maelezo yangu yametosha, nafasi iliyobaki ni yake na mama yake, na nimpe kalamu.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Nampa.

Mkweo,
Fundi