Cheche Zilizochanua

Machi 4

Mjomba,

Shikamoo. Macho yanasemaje? Mimi mzima, ila mgongo huu nadhani ni wa punda, tulibadilishana usingizini.

Mpwao sasa fundi. Wenzangu wanafunga nondo kwa waya, wanakunja vidole mpaka jioni. Nikawaambia waya ni kazi ya bibi zao. Nondo zote za ngazi nimezichomelea kwa umeme, nikamaliza wao wako nusu. Msimamizi akanipiga bega. Wiki ijayo, Jumamosi, tunamwaga zege. Wewe na mageti yako, ulishawahi kuchomelea ngazi?

Mpwao, Injinia Bila Cheti

Machi 9

Mpwa wangu,

Marahaba. Macho yanauma, tuyaache.

Mageti yangu yalikuwa chuma laini, kaboni kidogo. Nondo za ghorofa huongezwa kaboni na manganizi zibebe uzito. Kaboni ikiwa nyingi, ukichomelea ikapoa haraka, pale penye kiungo panavunjika kama glasi. Ndiyo maana wenzako wanakunja vidole.

Usiniamini mimi. Gusisha kipande cha nondo kwenye grinda, lile jiwe la kunolea linalozunguka. Cheche zikiwa ndefu, zimenyooka, lala usingizi. Zikipasuka kama maua, zege lisimwagwe.

Mjomba wako

Machi 14

Mjomba,

Shikamoo. Pole na macho. Barua ilinikuta jana mchana, nikacheka. Halafu nikagusisha kipande. Zilichanua, Mjomba, ungedhani harusi. Nikagonga kiungo kimoja kwa nyundo, kikakatika kama biskuti.

Nikasema ninyamaze, zege likishafunika nani ataona? Kugeuka, namwona dada anayetuuzia chai amejipumzisha chini ya ngazi, mtoto mgongoni. Nikaenda kwa msimamizi. Bega langu hakuligusa. Akasema, “Zege lingoje wiki. Toa zote, funga mpya kwa waya, peke yako. Ukimaliza ndiyo tutajua kama una kazi.”

Vidole vimevimba, kalamu inanikimbia. Wenzangu wananiita Maua.

Mpwao

Machi 21

Mjomba,

Shikamoo. Nimechoka hata kukutania sina nguvu.

Juzi wenzangu walikuja mmoja mmoja, wakachuchumaa, wakachukua waya. Mmoja akasema anamsaidia bibi yake. Leo zege limemwagwa. Kuhusu kazi, msimamizi amenirushia koleo ya kufungia waya, akasema Jumatatu tunapanda ghorofa ya juu.

Ulisema cheche zikinyooka nilale. Hazikunyooka. Ila leo nalala.

Mpwao, Maua